Viraka Viwili

Biju kapaka viraka viwili, kila kimoja upana wa sinia,
ukutani mwa chumba chetu cha Mawaleh, juu ya kitanda.
Kushoto kisamvu: kijani kilichotwangwa, bado hakijatiwa nazi.
Kulia mchanga. Dukani una jina refu la Kifaransa;
mimi nauita mchanga.
Akaosha brashi, akasema atarudi Jumamosi nimpe jibu.
Jumamosi hiyo ilikuwa ya Rajabu.
Leo tumo Ramadhani.

Asubuhi kisamvu kinashinda, hakuna mjadala.
Jua likipenya pazia kinakuwa kama kina umande,
nusura ninuse kinu cha shangazi Zeyana,
kitunguu thomu, pilipili mbichi.
Saa saba mchana kinageuka. Kinakuwa ukuta wa hospitali,
ule ukumbi wa kungojea majibu.
Mchanga, saa hiyo hiyo, umetulia tuli
kama mtu aliyekwisha kusikia habari zote.

Mume wangu Mundhir yuko Marmul, kwenye visima vya mafuta,
wiki mbili jangwani, wiki mbili nyumbani.
Nami nilikwisha kumjibia:
huyu macho yake yameshiba mchanga,
mpe kijani apumzike.
Nimemjibia kwa mama yake, kwa mawifi, kwa Biju.
Hata foronya nimenunua, za kijani, nne.

Kaingia juzi usiku, viatu mkononi asiniamshe.
Taa hakuwasha. Akamulika ukuta kwa simu,
kushoto, kulia, kushoto,
kisha kiganja chake kikaenda kulia, kikakaa.
"Huu."
Nikainuka. "Mchanga tena? Hujauchoka?"
"Kule hauna kona," akasema.
"Kutwa natazama, macho hayana pa kuishia.
Nautaka mmoja wenye pembe nne,
wenye mlango,
na wewe unakoroma ndani yake."

Mimi sikoromi.

Nimempigia Biju, aje na ndoo mbili.
Akauliza, "Mchanga, mama? Hakika?"
kwa sauti ya mtu aliyeweka dau upande wa pili.
Foronya zingali kwenye mfuko wake, na risiti ndani:
siku kumi na nne za kurudisha
zimepita zamani.
Basi ukuta wake, sawa.
Kichwa changu kitalala kwenye kisamvu.