Labda

Bega la kulia haliniachi tangu masika.
Usiku nalilaza juu ya mto kama mtoto niliyeachiwa;
upepo wa ziwani ukipenya dirishani
linaamka kabla yangu.

Juzi, pale Makoroboi, nikishona sare ya shule,
sindano iliingia kidoleni.
Sikuhisi kitu.
Doa kwenye kola nyeupe ndilo lililoniambia.

Bugando, daktari alinigonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira,
akanyamaza, akagonga tena.
Labda mshipa wa fahamu umebanwa, shingoni huku.
Labda.
Nikashuka mlima na neno hilo mkobani.

Sasa Minza hunitungia uzi,
hunifunga vifungo vya mgongoni,
wala hasemi pole.

Cherehani nakanyaga mwenyewe.
Mguu haujasikia habari hizi.