Chupa ya Saba

Saa kumi na dakika tano alfajiri, mvua imeshika.
Ripeka kapiga magoti kwenye mdomo wa bomba,
tochi kaibana kwa meno,
nami nimemshika mkanda asije akaondoka na kijito.
Chupa ya kwanza: rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Ya pili anainusa, anakunja pua.
"Hii inanuka breki," anasema,
na wiki ijayo maabara itasema shaba, itasema zinki,
kwa herufi ndogo na desimali nyingi.

Jana ukumbini alisimama Bwana Hartnell
na picha ya bustani, imepauka pembeni.
"Hapo jirani palikuwa na nyumba moja na mndimu.
Sasa nyumba sita,
na maji yao yanalala sebuleni kwangu."
Makofi.
Hakusema uongo. Nimekwenda, nimepapima kwa hatua:
ukuta, zege, ukuta, zege,
hata pa kumzikia paka hapapo.
Mvua ikitua pale hainywewi na mtu.
Inateleza, mgeni aliyekuta mlango umekomewa,
na kwa hasira inabeba kilicho barazani:
oili, vumbi la matairi, kinyesi cha mbwa,
povu la Jumamosi.

Ndipo Tavita wa ghorofa la bondeni akainuka,
bado kavaa sare ya zamu ya usiku.
"Sisi kaya arobaini tuna paa moja," akasema,
"na chini yake tangi, na shimo la majani yenye kiu.
Kule kilimani, kaya arobaini, mapaa arobaini,
gereji themanini,
na lami ya kuzifikia zote.
Nauliza tu."
Hapakuwa na makofi. Kiti kimoja kililia.

Tangu hapo nagawanya.
Gawanya kwa kiwanja: wenye hatia ni wale sita waliobanana.
Gawanya kwa vichwa: kilima kinainamisha uso.
Nimegawanya hadi kalamu ikaisha wino.
Maji hayajui kugawanya.
Yanajua kujumlisha,
na jumla yake ndiyo hii inayotunguruma gizani
ikielekea ghubani bila kusaini popote.

"Tazama," Ripeka anasema, tochi sasa mkononi.
Chini ya maporomoko madogo ya zege
mkunga mnene kama paja amejikunja,
mweusi, mapezi yakimchezacheza,
mdomo wazi ndani ya maji ya chai.
Wa aina yake huishi kuliko watu, ananiambia.
Huyu huenda alifika kabla ya bomba.
Kabla ya mndimu.
Hatumgusi. Hatujui kama anapumua au anavumilia.

Chupa ya saba ni ya bomba la kilimani.
Inanuka kuliko zote.
Kwenye fomu kuna kisanduku: Chanzo.
Ripeka ananipa kalamu, mikono yake imekufa ganzi.
Mimi nakaa kule juu, namba kumi na tisa,
magari mawili, njia ya lami niliyoipanua mwenyewe
ili mashina ya waridi yasikwaruze milango.
Breki nilibadilisha Agosti.

Matone yanaanguka kwenye karatasi, wino unatambaa.
Anasubiri.
Naandika namba ya bomba,
halafu, pembeni, mahali pasipo na kisanduku,
naandika namba ya nyumba.