Mkia wa Kondoo

Mama mkwe, Dulmaa, amekata mafuta ya mkia wa kondoo,
kipande chembamba kama kidole,
akakifunga uzi, na uzi kwenye mguu wa mwanangu:
"Akipaliwa atarusha teke, kitachomoka."

Ulanbata, ghorofa ya saba. Nje baridi inapasua chupa.
Ukutani, karatasi ya kliniki: miezi sita ziwa tupu,
hata maji mwiko.
Wifi yangu Narmandakh katuma kopo la maziwa kutoka Seuli:
"Ulale, wewe. Hakuna anayegawa medali."

Nimekonda kwa ushauri.
Kila mgeni avuaye buti mlangoni
hunisalimu kifua kwanza, uso baadaye.
Mume wangu anakula tambi za pakiti kasimama,
shahidi asiyeitwa.

Jana usiku ziwa la kushoto jiwe, la kulia kidonda.
Nikafungua kopo kimyakimya, mwizi jikoni kwangu.
Dulmaa akatokea gizani,
akaidaka chupa, akajidondoshea tone mkononi.
"Moto mno. Ngoja."

Tukangoja.
Mtoto akimeza, akanisimulia habari ya wa kwanza,
aliyekuja kabla ya mume wangu,
mwaka wa theluji iliyoua mifugo:
ziwa lilikauka, wakampa mkia siku kumi na moja.
"Haikuwa mila, mwanangu.
Ndicho chakula kilichokuwepo."
Sikuuliza siku ya kumi na mbili.

Asubuhi karatasi bado iko ukutani,
na doa la mafuta pembeni.
Ule uzi nimeukuta umefungwa kwenye kijiko cha kopo,
kisipotee.