Sentensi ya Luteni

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na masharubu
yaliyogoma kuota upande wa kushoto.
Luteni Idwal Prosser, mtoto wa mpasua mawe
kutoka milima ya Wales, mvua na vigae vyeusi.
Mimi nilimpigia buti rangi, nikamchemshia chai
katika kopo lililonuka petroli. Akanywa, akashukuru.

Usiku alisoma barua zetu. Ndiyo sheria:
ofisa apitie kila neno la askari kabla halijavuka bahari,
penseli ya buluu mkononi, afute majina ya miji na mito.
Akayajua ya uvunguni mwetu: nani anadaiwa,
mke wa nani kaacha kujibu.
Asubuhi ilimwia vigumu kututazama usoni.
Yangu ilisema: *luteni wetu ni mtoto, ila hakimbii.*
Hiyo hakuifuta. Alinisahihishia tahajia.

Wyn Beddoe aliponasa kwenye seng'enge
alilia hadi alfajiri, akimwita mbwa wake.
Mara mbili luteni alitambaa kumfuata,
mara mbili risasi zikamrudisha.
Kulipokucha, kimya.
Akaketi juu ya sanduku, akamwandikia mama wa marehemu:
*Hakuumia. Ilikuwa mara moja.*
Mkono wake haukutetemeka. Mshumaa ndio uliotetemeka,
na mshumaa niliushika mimi.

Barua nane baadaye, sentensi ile
ilikuwa imelainika kama ngazi ya kanisa.

Yeye alikufa Septemba, ukingoni mwa shamba la viazisukari,
saa mkononi, filimbi bado haijafika mdomoni.
Aligeuka aniambie jambo kuhusu soksi zake.
Neno "soksi" lilinifikia.
Mwenye neno hakuwapo.

Kapteni, ambaye hakuwa karibu, akaandika:
*Hakuumia. Ilikuwa mara moja.*

Likizo yangu ilipotoka nilimpelekea mama yake
saa, kitana, penseli ya buluu
iliyobaki urefu wa kidole gumba.
Hakulia. Alifungua kabati, akatoa barua mbili:
ya kapteni, na nyingine aliyoiazima kwa Mama Beddoe, jirani,
mwandiko wa mwanawe mwenyewe.
Akazilaza mezani bega kwa bega.

"Wyn alikufaje?" akauliza.

Nikatazama sakafu. Sakafu ilimjibu.

Basi nikamweleza ya soksi. Nikaapa,
kiganja juu ya Biblia ya nyumba ile:
mama, safari hii ni kweli, ilikuwa mara moja,
hakujua, nilikuwa hatua mbili tu.
Lakini kweli yangu ilikuja imevaa koti
ambalo uongo ulikuwa umeshalichakaza viwiko.

Akanimiminia chai. Akanisogezea sukari,
ile ya mgao, yote.
"Kunywa, mwanangu," akasema.
"Alikufundisha vizuri."