Darasa la Pilipili

Theluji bado imelala juu ya paa la banda
nami nina msumeno, mbao tano,
na misumari ya zamani niliyoinyoosha kwa nyundo
mmoja mmoja, juu ya jiwe la mlangoni.

Mbao ni za madawati.
Shule ilipofungwa (walibaki watoto wanne,
na wawili kati yao walikuwa mapacha)
madawati yalitupwa nyuma ya ukumbi
yasubiri mvua iyamalize.
Nikayahamisha kwa toroli, safari sita,
Asparuh akinichungulia juu ya ukuta:
"Dobrinka, unafungua shule?"
"Nafungua. Ada ni samadi ya mbuzi wako."

Trei ya kusia mbegu haitaki fundi.
Kina chake kiganja kimoja, basi.
Upana, uweze kuibeba bila kugombana na kiuno.
Chini acha nyufa, nyembamba kama sarafu,
maji yasituame, mizizi isioze.
Hayo niliyajua.
Sikujua kwamba kila ubao ungekuwa na mwenyewe.

Wamechonga kwa ncha ya bikari:
Plamena.
Moyo wenye mshale, unaelekea kwa mtu aliyekwanguliwa.
Ogny, halafu hakuna kitu:
kengele ilimkatiza.

Kengele ile nilikuwa naipiga mimi.
Samahani, Ognyan.

Plamena sasa anaogesha wazee wa watu huko Bologna.
Ognyan ni dereva wa lori; mara ya mwisho
alinipigia kutoka kituo cha mafuta,
nikamuuliza uko nchi gani,
akanyamaza kidogo, kama anayesoma kibao.

Ndani natandika turubai la uchaguzi.
Mgombea anatabasamu kutoka kona hadi kona,
meno yake yamepangana kama punje za mahindi,
na chini ya kidevu: WATOTO WATARUDI.
Msumari naupasha kwenye jiko mpaka uwe mwekundu,
natoboa jino moja baada ya jingine.
Plastiki inanuka, nafungua dirisha,
baridi ya Danubi inaingia bila hodi.
Sina chuki naye. Maji tu
lazima yapate pa kutokea.

Kisha vikombe vya mtindi, thelathini na sita,
nilivyovila peke yangu tangu Oktoba
(ndiyo, nimehesabu; jioni za huku ni ndefu).
Udongo nimeuomba kwa fuko:
vichuguu vyake vya bustanini ni laini,
umechekechwa usiku, bila malipo.
Mbegu zilikuwa kwenye bahasha ya bili ya umeme.
Moja kwa kila kikombe. Kidole hadi kwenye kucha,
funika, nyunyiza, usikanyagekanyage kwa macho
kila baada ya dakika tano.

Kona ya nne ililegea.
Msumari umechoka, nao una haki.
Nikaifunga kwa uzi wa mwaka jana,
ule mwekundu na mweupe wa mosi Machi
tunaouvaa mkononi mpaka tuone korongo.
Mwaka jana sikumwona. Uzi ukabaki na kazi.

Siku ya tisa, hakuna.
Siku ya kumi na moja nikavaa miwani:
shingo ndogo, zimeinama,
kama watoto waliochelewa
wanaopita chini ya dirisha la mwalimu.

Sikuita majina. Karibu niite.
Nilisimama tu na birika, nikifuata mistari
kama zamani, nilipokuwa nafagia darasa
na wao wakinyanyua miguu ufagio upite.

Asparuh alikuja na ndoo ya samadi,
akajipangusa viatu, jambo asilolifanya kwake,
akainama juu ya trei.
"Wangapi?"
"Thelathini na mmoja."
"Na hao watano?"

Nikatazama nje, barabara ya kuingia kijijini,
nyeupe, haina alama hata ya gurudumu.

"Wako njiani," nikasema.
"Theluji hii. Magari yanakwenda polepole."