Bustani ya Mpangaji

Mkataba ulisema, kifungu cha saba:
mpangaji asitoboe ukuta, asifuge mbwa,
asichimbe uani.
Mama Chilewa alikipitia kwa kidole,
ukucha ukakwama kwenye *asichimbe*.

Basi sikuchimba.
Niliokota.
Ndoo mbili za rangi kutoka kwa mafundi wa Nkuhungu,
ya tatu imepasuka mdomo,
debe la mafuta lenye picha ya alizeti,
viroba vya saruji,
na karai ambalo Nyemo, mjukuu wake,
alilifanya boti mwaka ule
mvua iliponyesha kweli.

Udongo niliuziwa na mtu wa guta,
mwekundu, mgumu kama deni.
Nikautia samadi ya mbuzi wa Mkonze
na maganda ya karanga, hadi ukalegea,
ukanukia asubuhi za kwetu Lushoto.
Nikatoboa vitako vya ndoo kwa msumari wa moto.
Maji lazima yawe na pa kutokea,
hata hapa, ambapo hayana pa kuingilia.

Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku,
bomba lilikohoa.
Nilijifunza kuamkia kikohozi hicho
kama mama wa kichanga.
Maji yaliyooshea mchele: nyanya.
Yaliyosuuza vyombo: boga.
Yaliyonawa uso, nusu kikombe: kile kimmea
ambacho muuza mbegu wa Majengo alikiita zukini
na Mama Chilewa akakiita
mumunye lisilo na subira.

Nyanya za kwanza zilioza kitako.
Juu wekundu wa harusi, chini weusi wa masizi.
Nikashuku jua. Nikashuku jicho la mtu.
Kumbe ni mimi: leo namwaga ndoo nzima,
kesho na keshokutwa nasahau.
Nyanya haitaki wingi,
inataka mazoea.

Boga nalo lilichanua wiki mbili,
maua madume matupu,
yakafunguka, yakasinyaa, yakaanguka.
Kisha, siku ya malipo ya umeme,
likaja ua lenye kitumbo.
Nyuki hakuna. Upepo wa Julai
huwafagia hata nzi.
Nikaokota unyoya wa kuku,
nikachuchumaa, nimevaa nguo za ofisini na kandambili,
nikabeba unga wa manjano
kutoka ua hadi ua, kwa pumzi ya kuiba.

Dirisha likafunguka.
"Mbukwa! Siku hizi umekuwa mshenga?"
"Mbukwa, mama. Mahari utakula wewe."

Na aliila.
Kwa karanga, kwenye sufuria lake jeusi,
akanirudishia bakuli likiwa na mlenda ndani,
maana chombo cha watu hakirudi kitupu.

Septemba akaja na karatasi.
Mwanawe anarudi kutoka Singida, na mke.
Alizungumza akitazama nyanya.
Sikubishana.
Ndoo zina mikono;
labda nilijua tangu siku nilipoziokota.

Guta likaja Jumamosi.
Debe likapanda, viroba vikapanda,
Nyemo akakumbatia nyanya ya mwisho
huku matawi yakimkuna shingo.
Ikabaki ndoo ya boga, ile ya mdomo uliopasuka.
Nikavuta. Ikagoma.
Mtu wa guta akavuta. Ikagoma.
Tukailaza kidogo, tukachungulia:
mzizi, mnene kama kidole gumba,
umepita tundu la msumari,
umeingia ufa wa saruji,
umeshuka zake.

Kifungu cha saba.
Mimi sikuchimba.

Mama Chilewa akainama, akautazama muda mrefu,
akaingia ndani. Nikadhani amefuata kisu.
Akatoka na kikombe cha maji,
akamimina pale ufani, taratibu,
bila kuniangalia.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama wima,
si saa ya kumwagilia kitu.
Sikumwambia.