Zamu ya Tatu, Makorora

Darasa la nne B, shule ya Makorora,
madawati yamesukumwa ukutani.
Timu sita za mitaa, majina arobaini na nane ubaoni,
la Semboja limekosa herufi moja na hakuna anayejali.
Zamu yetu ni ya tatu.
Kisha tunakaa kimya hadi ya kumi.

Mimi mweka hazina. Fundi cherehani,
Barabara ya Kumi na Tatu.
Wanasema sijui mpira.
Najua kitambaa: ukikata, umekata.

Kocha Singano amekuja na daftari lenye neno moja,
kalipigia mstari hadi karatasi imetoboka:
KUSHOTO.
Msimu uliopita tulifungwa mabao kumi na tisa,
kumi na moja yalipita kushoto kwetu,
tena bila kubisha hodi.
"Nyumba inavuja, mtu hanunui kabati," anasema.
"Mchukueni Shemdoe. Beki. Hana makeke,
ila atasimama pale mpaka giza liingie."

Katibu Mwinjuma hamsikilizi. Anamtazama kijana
aliyeegemea dirisha na muhogo wa kukaanga mkononi,
Kilua, miaka kumi na tisa,
aliyewahi kumgeuza beki hadi kiatu kikabaki peke yake.
"Bati lipo kila duka.
Kabati la mninga likipita limepita.
Beki wa kushoto utamwokota hata stendi ya Kange.
Mfungaji utamwokota wapi?"

Wakanigeukia wote wawili.
Kura ya tatu ni yangu.

Sikuhesabu vipaji. Nilihesabu matundu ya wenzetu.
Chumbageni wana beki wao na wanampenda.
Duga, ndugu wawili wanagombea namba moja.
Mikanjuni wanalia kipa.
Msambweni wanalia, hawajui wanalia nini.
Mabawa wanao wawili wa kushoto, mmoja anasugua benchi.
Nani basi atamgusa Shemdoe kabla ya kumi?
Bitana haigombewi dukani.
Chukua hariri asubuhi, bitana utairudia jioni.

"Kilua," nikasema.
Kocha akafunga daftari polepole,
kama afungaye dirisha na mvua imeshaingia.

Ya nne, kiungo. Ya tano, kipa. Ya sita, kipa tena.
Ya saba, ya nane, chaki inafuta,
na Shemdoe bado yupo ubaoni, jina lake zima,
nami nimeanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ya tisa, Mabawa.
Mwenyekiti wao akasimama, akajikuna shingo.
"Shemdoe."
"Mnao wawili!" nikapiga kelele, nje ya zamu, nje ya adabu.
"Najua," akanijibu. "Sasa tunao watatu.
Nyinyi mnao wangapi?"

Darasa zima likacheka. Katibu akatafuta kitu mfukoni
ambacho hakikuwamo.

Zamu ya kumi tulimchukua Hatibu,
mguu wa kulia, fundi baiskeli,
aliyeapa kwamba aliwahi kucheza kushoto
siku moja, mvua ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, Tangamano. Tumeshinda manne kwa matatu.
Kilua kafunga matatu, na la nne kampasia mtu
aliyekuwa amekwisha kukata tamaa.
Matatu tuliyofungwa? Usiniulize yalipita wapi.
Watu walimbeba Kilua hadi barabarani.
Hatibu alirudi kwa miguu, soksi mkononi.

Usiku Kocha akaja dukani. Hakununa, hakusalimia.
Akaweka mezani jezi namba tatu,
imechanika begani, upande waliomvutia wote.
"Shona," akasema. Akafika mlangoni.
"Tia na bitana."

Nikakanyaga cherehani peke yangu,
nikahesabu upya: Chumbageni, Duga, Mikanjuni,
Mabawa na watatu wao,
bega hili la Hatibu.
Nikahesabu mara ya pili, taa ikififia.

Bado inatoka Kilua.